Mnaosema Ngannou alikimbia, mnajua MMA ni mali ya nani?

Wakuu, salaam.

Juzi baada ya mazoezi kijana mmoja ninayemfundisha alikuwa amekaa kwenye mkeka anafungua bandeji za mikono. Akasema Francis Ngannou, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu, ni muoga, aliondoka UFC, ile kampuni kubwa ya MMA (mapambano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka), kwa sababu alitaka wapinzani wepesi. Ana miaka 19. Nikamuuliza kayatoa wapi hayo. "Kasema Dana White mwenyewe, kocha." Tangu siku hiyo sina raha, maana kila nikifungua simu nakuta watu wazima, wenye akili zao, wanaandika maneno yaleyale. Leo naomba tuambizane ukweli. Nimechoka.

Dana White ndiye bosi wa UFC. Maneno hayo aliyatoa Januari 2023, siku aliyotangaza kwamba Ngannou hana mkanda tena na anaondoka. Mpangaji akihama baada ya kugombana na mwenye nyumba, sababu ya kuhama mnakwenda kumuuliza mwenye nyumba? Na akiwajibu mnaibeba kama ilivyo?

Ngannou katoka Batié, Kameruni. Utotoni alichimba mchanga ili familia ile. Akavuka Sahara, akafika Paris mwaka 2013, akalala kwenye maegesho ya magari kabla hajapata ukumbi wa mazoezi. Machi 2021 akamzimisha Stipe Miocic na kuchukua mkanda wa uzito wa juu. Pambano la Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane nalikumbuka vizuri, kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi na chai ilipoa mezani hakuna aliyeigusa. Raundi mbili za kwanza Gane anamchezea tu. Raundi ya tatu Ngannou akamzoa, akambwaga chini, na sisi tuliozoea kumwona akimaliza kazi kwa ngumi tukaruka juu. Kumbe goti lake lilikuwa limeumia vibaya tangu kabla hajaingia kizimbani! Alipigana dakika 25 hivyohivyo, akashinda kwa pointi.

Sasa angalieni kilichofuata. Mkanda alivishwa na Mick Maynard, mmoja wa wapangaji wa mapambano. Dana, ambaye kazi ya kuwavisha mabingwa mikanda huwa ni yake, hakuonekana kizimbani, na kwenye mkutano wa waandishi hakuonekana vilevile. Baadaye alisema alikuwa na jambo la kushughulikia nyuma ya jukwaa. Mimi sikukubali siku ile na leo sikubali. Mtu aliyetetea mkanda kwa goti bovu alistahili dakika moja ya bosi wake.

Malipo yake ya usiku ule yaliyotangazwa ni dola 600,000. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu, huyo. Nasikia mnasema ni hela nyingi. Ni nyingi kwangu na kwako, lakini linganisha na kilichoingia mlangoni. Nyaraka zilizofichuliwa mahakamani Marekani zilionyesha kuwa wapiganaji wa UFC walikuwa wanagawana karibu asilimia 20 ya mapato au chini ya hapo. Wachezaji wa NBA (kikapu) na NFL (futiboli ya Kimarekani) wanachukua karibu nusu, kwa sababu wana vyama na wanakaa meza moja na wenye timu.

Na Ngannou alidai nini hasa? Bima ya afya. Mtetezi wa wapiganaji kwenye vikao vya uongozi. Ruhusa ya kuwa na wadhamini wake mwenyewe. Nafasi ya kupigana ngumi. Alikataliwa, akasubiri mwaka mzima bila kupigana, goti likafanyiwa upasuaji, mkataba ukaisha, akaondoka. Alipojiunga na PFL, kampuni nyingine ya MMA, aliweka sharti kwamba mpinzani wake naye alipwe si chini ya dola milioni 2. Mpinzani! Mtu anayekuja kumpiga! Nitajieni muoga mwingine wa namna hiyo. Halafu Oktoba 2023 akaingia ulingoni na Tyson Fury, bingwa wa ngumi wa uzito wa juu wakati huo, pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, akamwangusha chini raundi ya tatu, akapoteza kwa majaji kugawanyika. Hao ndio wapinzani wepesi?

Lakini shida siyo Ngannou peke yake, na hapa ndipo nataka mnisome taratibu.

Sisi Watanzania tunaijua ngumi. Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo aliitwa Birmingham dakika za mwisho kuziba pengo, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili nyumbani kwake, na jina lake likapaa kwenye orodha za dunia. Promota wa Eggington alipenda? Hakupenda, lakini hakuwa na la kufanya. Ngumi ina uchafu wake, majaji wa ajabu wapo, fitina zipo, ila hakuna mtu mmoja mwenye ngumi. Promota ni mtu mwingine, mikanda iko kwa mashirika ya WBC, WBA, IBF na WBO, na bondia aliyefika juu anakuwa mpinzani wa lazima, bingwa akimkwepa ananyang'anywa mkanda. Marekani ina sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali, inayomlazimisha promota amwambie bondia pambano limeingiza kiasi gani na inayomzuia promota kuwa meneja wa bondia huyohuyo. Sheria hiyo haiigusi MMA.

UFC ndiye promota. UFC ndiye mwenye mkanda. UFC ndiye anayepanga nani apigane na nani na lini. Hata orodha ya viwango inapigiwa kura na waandishi waliokubaliwa na UFC, na bado siyo lazima ifuatwe. Mnataka ushahidi, mtazameni Tom Aspinall. Alichukua mkanda wa muda wa uzito wa juu, ule unaotolewa bingwa mwenyewe akiwa hapigani, Novemba 2023. Akautetea Julai 2024, mkanda wa muda unatetewa kama vile ndiyo wa kudumu! Jon Jones, bingwa mwenyewe, akaruhusiwa kupigana na Miocic aliyekuwa na zaidi ya miaka mitatu bila pambano, kisha akakaa na mkanda hadi alipostaafu Juni 2025. Mwaka na nusu na zaidi, kijana yuko kwenye ubora wake, anaambiwa subiri. Angelalamika kwa nani? Hakuna ofisi ya kwenda kugonga hodi.

Mnaosema "kama hataki aende kwingine", kwingine wapi? Ndugu wa Fertitta waliinunua UFC mwaka 2001 kwa dola milioni 2. Kisha wakaanza kununua kampuni nyingine za MMA: wakamnunua WEC 2006, wakamnunua Pride 2007, wakamnunua Strikeforce 2011. Karibu kila duka lililokuwa jirani wakalinunua. 2016 wakauza kwa takriban dola bilioni 4, na leo UFC iko chini ya kampuni ya TKO pamoja na WWE, ile ya mieleka ya maonyesho. Mpiganaji anaitwa mkandarasi huru, lakini nguo atavaa za kampuni, wadhamini wake hawaruhusiwi kizimbani, na kupigana kwingine haruhusiwi mpaka mkataba uishe. Huru kwa lipi?

Waliojaribu kujipanga yaliwapata. Leslie Smith, mpiganaji wa kike wa UFC, alikuwa anahamasisha wapiganaji waunde chama, 2018. Mpinzani wake akazidisha uzito, yeye akakataa kupigana, akalipwa hela ya kupigana na hela ya kushinda, kisha UFC ikamwacha. Yuko kwenye orodha ya viwango, anaachwa. Wenzake waliona, wakanyamaza. Ningekuwa mimi na mtoto wa kulisha labda ningenyamaza pia, siwalaumu.

Kesi ya akina Cung Le, wapiganaji walioishtaki UFC kwa kuwabana malipo, ilifunguliwa Desemba 2014. Jaji aliikataa suluhu ya dola milioni 335 mwaka 2024 akiona haitoshi, ikapanda hadi milioni 375, ikapitishwa mapema 2025. Nafurahi kwa wazee wale, wengine miili imeshachoka na hela hiyo wataitumia hospitali. Lakini ni hela tu. Mikataba ya vijana waliopo leo haikubadilishwa na suluhu ile hata kwa nukta moja.

Hayo ndiyo niliyomwambia kijana wangu pale kwenye mkeka, nikakaa naye mpaka taa za ukumbi zikazimwa. Nikamfanyia hesabu ya mgeni wa UFC wa miaka ya karibuni: dola elfu 12 za kupigana, elfu 12 nyingine ukishinda. Toa kodi, toa meneja, toa kocha, toa vipimo, toa miezi ya kambi usiyofanya kazi nyingine. Ukipoteza, ile elfu 12 ya pili huioni. Akanyamaza muda mrefu. Sikumwambia aache ndoto yake, nilimwambia siku wakimletea karatasi asisaini peke yake, aje nayo tuitafutie mwanasheria.

Na sasa kuna mkataba wa kurusha mapambano wa Paramount, kampuni ya televisheni ya Marekani, dola bilioni 7.7 kwa miaka saba kuanzia 2026. Mtindo wa watazamaji wa Marekani kulipia kila pambano kubwa umekufa. Bingwa alikuwa anakula fungu kutoka kwenye mauzo hayohayo. Mnaomtetea bosi, msinijibu kwa matusi wala kwa picha za kuchekesha. Njooni na jibu la swali hili moja: bingwa aliyekuwa analipwa kwa idadi ya walionunua pambano lake, sasa hivi fungu lake linahesabiwa kwa kitu gani, na ni nani aliyemwuliza kabla ya kusaini?