Mjadala: Tukileta juri Zanzibar, muhali tutauweka wapi?

MTOA MADA (Chake Chake)
Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi barazani, baada ya alasiri, kijana mmoja alisema kesi za jinai asiachiwe hakimu peke yake. Tuwe na juri kama Uingereza: raia 12 wasikilize mwanzo hadi mwisho, kisha wao ndio waseme ana hatia au hana. Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga kwa ajili ya muhali, ile haya ya kumwambia ukweli jamaa au jirani ukamuudhi, na naleta sababu zangu.

Uingereza majina ya juri huchotwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapigakura, na anayemjua mshtakiwa au shahidi hutolewa. Marekani mawakili wa pande zote huwahoji kwanza, na wana haki ya kuwakataa wachache bila kutoa sababu, ingawa tangu 1986 mwendesha mashtaka haruhusiwi kumkataa mtu kwa rangi yake. Taabu yote hiyo ni ya kumtafuta mtu asiyekuwa na lake katika kesi.

Sasa nionyesheni mtu huyo Micheweni au Wete. Likitajwa jina la mshtakiwa na la baba yake, mmoja kasoma naye chuoni, mwengine kamuoa dada yake, wa tatu anamdai pesa za karafuu. Ukiwatoa wote hao, nani atakaa kwenye kiti?

Niliwahi kuhudhuria kesi ya udhalilishaji wa mtoto, hapa hapa Pemba. Jirani aliyesikia kilio usiku ule, na akamwambia mama mtu kwa kinywa chake, alipanda kizimbani, akashika ncha ya mtandio wake, akaikunja, akaikunjua. Akasema, "Sikumbuki." Aliulizwa mara tatu. Mshtakiwa ni mtoto wa shangazi yake. Mama wa mtoto hakulia, alikuwa akitazama vidole vya jirani yake tu. Mshtakiwa akaonekana hana kesi ya kujibu, akaachiwa.

Tangu 2021 tuna mahakama maalum ya kesi hizi, na muhali bado upo. Muhali wa shahidi mmoja uliiangusha kesi ile. Mnataka tuugawe kwenye viti 12?

MCHANGIAJI (Mkoani)
Ndugu yangu, hujagusa rushwa. Mtu mmoja akinunuliwa, kesi imekwisha. Haya, wanunue 12! Uingereza tangu 1967 wakikubaliana 10 kati ya 12 jaji anaweza kuupokea uamuzi wao, kwa hiyo hata ukimpata mmoja hukuambulia kitu. Wala si jambo la Wazungu peke yao, Ghana wana juri ya watu 7. Na kuhusu ujirani, kesi ya Mpemba si isikilizwe na watu wa Makunduchi, kule Unguja? Hao hawamjui yeye wala ukoo wake. Jaji naye ana shangazi, usisahau.

MCHANGIAJI (Ng'ambo, Unguja)
Wanangu, mimi nimeziona Mahakama za Wananchi, zile za zamani hapa Zanzibar. Watu watatu wasiosomea sheria, na mawakili hawaruhusiwi. Kesi ya uhaini baada ya kuuawa Mzee Karume, Aprili 1972, ilisikilizwa huko. Zilifutwa miaka ya 1980. Mtu akiniambia "wananchi wahukumu", mwili wangu unasisimka mpaka leo.

MTOA MADA
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali uchungu wako, ila ingawa nipo upande wako, haki lazima niiseme: zile hazikuwa juri. Wale watatu waliteuliwa na wakubwa, hawakuchotwa, na mshtakiwa hakuwa na wa kumsemea. Tusilibebeshe juri dhambi isiyokuwa yake.

Wa Mkoani, hoja ya Makunduchi imenikaa kichwani usiku kucha. Lakini kesi ikihamia Unguja, na mashahidi wanahamia. Mama yule apande boti na mtoto, mara ya kwanza, mara ya pili, kesi ikiahirishwa arudi tena. Jirani aliyeshindwa kusema akiwa hatua chache kutoka kwake, atavuka bahari kwenda kusema?

Halafu juri halitoi sababu. Linasema "ana hatia" au "hana", basi. Jaji wetu analazimika kuandika: shahidi huyu nimemwamini kwa hili, yule simwamini kwa lile, kielelezo hiki kina kasoro hii. Karatasi hizo ndizo wakili anazozibeba kwenda Mahakama ya Rufani. Rushwa unayoihofia inaacha alama humo, kwa sababu sababu ya uongo ikiandikwa inasomeka. Neno moja la watu 12 utalikatia rufaa kwa lipi?

Mimi ningeanza na shahidi. Achukuliwe maelezo mapema, asikilizwe faragha pale sheria inaporuhusu, na akipata vitisho kijijini awepo wa kumlinda.

Nawauliza wote: nani hapa aliwahi kuitwa shahidi dhidi ya jamaa yake, akaenda, akasema alichokiona? Atuelezee nini kilimtoa nyumbani asubuhi ile.