Kuwinda mbweha Uingereza: baada ya mavuno, Januari, au kondoo wakikaribia kuzaa?

MalishoYaJuu
Wakuu salaam, na akina dada pia. Nafanya kazi kwenye shamba la kondoo kaskazini mwa England, upande wa milima ya Pennines. Mwenye shamba amenipa ruhusa ya maandishi kuwinda mbweha kwenye ardhi yake, leseni ya silaha ya polisi ninayo, bunduki ni ya risasi za .223, yenye darubini ya joto inayomwonyesha mnyama gizani kwa joto la mwili wake. Kondoo wetu wanazaa nje, kuanzia wiki ya pili ya Aprili.

Mbweha hapa hana msimu uliofungwa. Anaruhusiwa kupigwa mwaka mzima, alimradi una ruhusa ya mwenye ardhi na humtesi. Kumwinda kwa kundi la mbwa ndiko kulikopigwa marufuku England na Wales, kwa sheria ya 2004 iliyoanza kutumika Februari 2005. Sasa sheria imeniachia mwaka mzima, lakini usiku wa kukesha ninao mchache kwa sababu kazi ya mchana ipo palepale. Nachagua kati ya vipindi vitatu: (a) Agosti na Septemba, ngano ya bondeni ikishavunwa, (b) Desemba na Januari, (c) Aprili yenyewe, kondoo wakianza kuzaa. Naomba wenye uzoefu waseme kipi kinaleta matokeo na kwa nini.

Mabua_Lincolnshire
Mkuu, mimi ni mtu wa (a) na sijaona sababu ya kuhama. Huku ni ngano na shayiri kila upande. Mashine ya kuvuna ikishapita, panya wa shambani wanabaki bila pa kujificha, na mbweha wanalijua hilo kabla yetu. Usiku uleule utawakuta kwenye mabua: hatua mbili, anasimama, masikio mbele, halafu anaruka juu na kutua na miguu ya mbele yote miwili kwa pamoja. Wiki moja nyuma mnyama huyohuyo angepita karibu nawe ndani ya ngano na usimwone, hata kwa darubini ya joto.

La pili ni umri. Watoto huzaliwa Machi na Aprili, kwa hiyo Agosti wana miezi minne au mitano. Kwa umbo wanakaribia mama yao, kwa akili bado. Ukibusu mgongo wa kiganja ukatoa mlio wa panya, anakuja mbio moja kwa moja. Ngoja Novemba ufanye hivyohivyo: aliyebaki atazunguka kwanza kutafuta upepo, na akikunusa habari imekwisha.

Hasara yake ni usiku mfupi. Juni usijisumbue kabisa, giza linaingia karibu saa tano usiku na saa tisa na nusu mwanga unaanza. Agosti kuna nafuu. Na usichelewe, kwa sababu wakulima wengi wanalima mara tu baada ya kuvuna na hayo mabua yanatoweka.

BabaWaPowys
Januari. Nawinda Wales, milimani kama wewe, na mashamba ya ngano ya huyo ndugu wa Lincolnshire sisi hatuna.

Januari ndiyo kilele cha kupandana. Jike hukubali dume siku tatu hivi tu kwa mwaka, basi madume wanatembea usiku kucha, wanavuka mipaka ya wenzao, wanasahau tahadhari yao ya kawaida. Usiku wa baridi kavu utamsikia jike akipiga ukelele mmoja wenye mkwaruzo. Mgeni atadhani kuna mtu anakabwa. Dume anajibu kwa mibweko mitatu mifupi, kimya, halafu mitatu tena kutoka mahali pengine. Hapo ujue anatembea. Usimfuate. Tafuta mahali ambapo upepo unatoka kwake kuja kwako, kaa ukiegemea ukuta wa mawe, piga mlio wa jike mara moja, kisha nyamaza robo saa nzima. Wengi wanaharibu kwa kupigapiga filimbi kama askari wa barabarani. Mlio wa sungura uache, mwezi huo tumbo si shida yao kuu.

Utajua wameanza hata kabla ya kusikia sauti. Pita asubuhi kwenye lango la shamba uiname karibu na nguzo: harufu ya mkojo wao wakati huu ni kali mno, inakaa puani hadi ufike nyumbani.

Faida nyingine: giza linaanza saa kumi na moja jioni, unawinda na bado unalala mapema. Nyasi fupi, magugu ya ferni yamelala chini. Ardhi imepoa, kwa hiyo mnyama anaonekana wazi kwenye darubini ya joto. Tatizo ni jalidi: ukitembea juu ya nyasi zilizoganda kila hatua inalia, na yeye ana masikio ya kusikia panya chini ya theluji. Fika mapema, kaa, usitembeetembee.

KondooWaMpakani
Niko kusini mwa Scotland, kondoo watupu. Kwa heshima zote, nyote wawili mnahesabu mikia. Mwenye mada ana wana-kondoo wa kulinda Aprili, na hilo ni hesabu tofauti.

Tuanze na Agosti. Wengi utakaowapata ni vijana wa mwaka huohuo. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya baridi vijana hao hutawanyika wenyewe, wengine mbali sana, na wengi hufa barabarani au kwa njaa na upele. Ukisafisha bonde Septemba, wa jirani watalijaza kabla ya Krismasi. Umefanya kazi, namba ni nzuri, na Aprili una mbweha idadi ileile. Januari ni hivyohivyo kwa kiasi: dume unayempiga usiku wa mibweko mara nyingi ni mpita njia ambaye wiki ijayo angekuwa shamba la nne kutoka kwako.

Kinachokuhusu ni lile jozi litakalokuwa na shimo kwenye ardhi yako kondoo wakizaa. Kwa hiyo chaguo langu halipo kwenye orodha yako: kutoka mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi. Mtawanyiko umepungua, wenyeji wametulia, nyasi bado fupi, usiku bado mrefu wa kutosha. Wakati huo muda wa kujazwa tena ni mdogo kabla ya wana-kondoo kusimama imara.

Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mafanikio. Mimba ya mbweha ni siku 52 au 53. Aliyepandwa katikati ya Januari anazaa mwanzoni mwa Machi, wengi wao baadaye kidogo. Ukishaingia mwishoni mwa Machi, kila jike unayempiga huenda ana vitoto vinne au vitano shimoni, vipofu, vinamtegemea kwa maziwa na joto. Vitakufa polepole. Sheria haikuzuii, mimi najizuia. Chaguo (c) ninalitumia kwa mbweha mmoja tu: yule ambaye nina ushahidi kwamba anaua, na hapo nalitafuta shimo pia ili vitoto visiachwe.

MalishoYaJuu
Asante sana kaka KondooWaMpakani. Huo ushahidi unaupataje? Mwaka huu tulikuta wana-kondoo walioliwa nusu na kila mtu akasema mbweha.

KondooWaMpakani
Chukua kisu umchune shingoni na mabegani. Mwana-kondoo aliyeng'atwa akiwa hai, chini ya ngozi utaona damu iliyovilia na nyama iliyochubuka kuzunguka matundu ya meno. Aliyekuwa ameshakufa kwa baridi au njaa ndipo mbweha akamkuta, nyama chini ya ngozi ni safi, imepauka, hata kama nje ametafunwa vibaya. Angalia na kwato pia: mtoto aliyezaliwa mfu bado ana ule ulaini wa kama mpira kwenye ncha za kwato, hakuwahi kukanyaga ardhi.

Wana-kondoo wengi wanaokufa siku za mwanzo huuawa na baridi, njaa na uzazi mgumu. Mbweha huja kwenye uwanja wa kuzalia hasa kwa ajili ya kondo la nyuma na mizoga. Okota vyote kila asubuhi na jioni, na mizoga ikabidhiwe wakusanyaji wanaotambuliwa kwa sababu hapa hairuhusiwi kuzika shambani. Ukiviacha, unamfundisha kuja.

BabaWaPowys
Kuhusu kuchuna naafiki kabisa, kila mchungaji afanye. Kuhusu Januari bado nabishana nawe. Si kila dume wa Januari ni mpita njia. Mwenye eneo naye anatoka kumfukuza mgeni, na mlio wa jike kwenye ardhi yake unamleta akiwa amekasirika. Na hali ya hewa ya Machi huku ni mvua na ukungu wiki baada ya wiki. Darubini ya joto ndani ya ukungu mzito haikufai kitu. Januari kavu unaona hadi upande wa pili wa bonde.

KondooWaMpakani
Hapo kwenye ukungu sina jibu, mzee wangu. Milima ni milima.

MamaKuku_Kent
Naomba niongeze msimu ambao wanaume wote mmeuruka. Mimi nafuga kuku wa mayai na adha yangu iko Mei na Juni. Vitoto vinatoka shimoni vikiwa na wiki nne hivi, na vikishaanza kula nyama wazazi wanawinda hata mchana kweupe. Majirani wanafunga banda jua likizama wakidhani wamemaliza, kuku wanaibwa saa nne asubuhi. Ni wakati huo ambao kupiga jike ni ukatili aliousema ndugu wa Scotland, kwa hiyo sipigi. Nina wavu wa umeme, na nyasi nazikata ziwe fupi chini yake zisinyonye umeme. Kwa kondoo wachache wanaozalia karibu na nyumba ungekusaidia pia.

Kitu kimoja kwa wenye bunduki wa kiangazi: usiku ambao nyasi za saileji, zile za kuhifadhiwa kwa chakula cha ng'ombe, zimekatwa, mbweha wote wa mtaa wako pale. Sijui kwa nini Mabua hakulisema.

Mabua_Lincolnshire
Dada umenena kweli, saileji ni kama mabua ya ngano yaliyotangulia. Kwetu hawafugi ng'ombe wengi, ndiyo maana.

Mpenzi_wa_Manyoya_PA
Salaam kutoka Pennsylvania, Marekani. Huku swali la mwenye mada lingejibiwa na serikali: mbweha ana msimu, unafunguliwa mwishoni mwa Oktoba na kufungwa Februari, na unahitaji leseni maalumu ya wanyama wa manyoya. Sababu ni ngozi. Manyoya yanakomaa Desemba na Januari. Oktoba upande wa ndani wa ngozi bado una rangi ya bluu, ikifika mwisho wa Februari yanaanza kukatika mgongoni. Mwisho wa msimu umewekwa kabla ya kuzaa, kwa hiyo lile jambo la vitoto kwetu limeshaamuliwa. Binafsi naona ni utaratibu mzuri kuliko kumwachia kila mtu dhamiri yake.

Ruaha_Kwetu
Nauliza tu kutoka Iringa: haya ya milio na misimu yanafaa kwa bweha wa huku wanaosumbua mbuzi?

MamaKuku_Kent
Kaka, usianze kabla ya kuuliza TAWA, mamlaka ya wanyamapori, Tanzania kuwinda ni kwa kibali. Na Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977. Pia uwe na hakika ni yupi. Bweha masikio, yule wa masikio makubwa, anakula mchwa na wadudu, mbuzi wako hana haja naye. Wa kumtilia shaka ni bweha mgongo-mweusi, na kwa huyo boma imara la usiku ndilo la kwanza.

JichoLaUsiku
Mimi sina upande kwenye misimu, ila mwenye mada ametaja darubini ya joto na hakuna aliyemwonya. Kifaa hicho kinaonyesha joto, hakionyeshi rangi. Paka mnono, mbwa mdogo wa jirani na beja, yule mwenye uso wa milia, wote ni doa jeupe mita 150. Beja analindwa kwa sheria ya 1992 na kumuua ni kesi. Subiri ageuke ubavu: mbweha ana mkia unaoelea usawa wa mgongo na mwendo mwepesi ulionyooka, beja anatembea chini chini kama anaburuta tumbo. Usipomtambua, usifyatue.

Na nyuma ya mnyama kuwe na udongo. Milimani mbweha anapenda kusimama ukingoni mwa kilima, na risasi inayopita hapo hujui inaishia zizi la nani. Hili ni zito zaidi Machi, kondoo wenye mimba wakiwa wamesogezwa karibu na nyumba na kulala kila kona.

MalishoYaJuu
Nimesoma zote, nashukuru kwa uwazi wenu. Nimeamua hivi. Januari nitatoka usiku mkavu tu, zaidi kwa kusikiliza na kujua wanakopita, nikipiga anayejileta. Nguvu kubwa naiweka kuanzia wiki ya mwisho ya Februari hadi Machi 15, kwenye vijito viwili vinavyopakana na uwanja wa kuzalia. Baada ya hapo bunduki inabaki kabatini, isipokuwa nikichuna nikakuta damu iliyovilia. Agosti nawaachia wa bondeni.

Bado nauliza: sehemu yetu ya kuzalia ina ukuta wa mawe wenye tundu la kupitishia kondoo. Nikae juu ya tundu au mbali nalo?

KondooWaMpakani
Mbali, mita 100 au zaidi, upande ambao upepo unakupiga usoni ukilitazama. Karibu kila mbweha wa eneo hilo atapita humo, na ukikaa juu yake harufu yako itabaki kwenye mawe mpaka mvua inyeshe. Mchana nenda uangalie manyoya kwenye kingo za tundu, mekundu ni yake, na uone kama nyuma yake kuna kilima cha kupokea risasi. Kama hakuna, chagua tundu jingine.