Tupeane uzoefu: Apdeti ya kompyuta za chuo ilipokukuta katikati ya kazi

Mhadhiri_Takwimu
Wakuu, salaam. Asubuhi hii kitengo cha TEHAMA kimetutumia tangazo kwamba mfumo wa matokeo unahamia toleo jipya kuanzia Ijumaa jioni. Ijumaa hiyohiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuingiza alama! Nimelisoma mara moja tu, nikakumbuka muhula mmoja ambao sitausahau. Nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza, mamia ya wanafunzi, alama zote za majaribio zimeshaingia, bado mtihani wa mwisho. Mfumo ukafungwa kwa "maboresho". Ulipofunguliwa, alama za majaribio zilikuwa zimehamia safu ya mtihani. Kijana aliyepata 34 kati ya 40 anasomeka 34 kati ya 60, na majaribio hana kitu. Wanafunzi waliona hayo kabla yangu. Simu ziliita usiku kucha, wengine wanalia kabisa.

Kilichoniokoa ni karatasi nilizosaini mwenyewe kabla ya kuingiza chochote.

Wahadhiri, makatibu muhtasi, wakutubi, watu wa maabara, na nyie mafundi pia: apdeti ilikukuta wapi, na ulitokaje?

Mkutubi_Zamu
Kila mwisho wa muhula, haikosi. Nimekaa hapa nasoma.

Katibu_Muhtasi
Umenigusa, mwalimu. Mimi ofisi yangu ndiyo inayotunza mihtasari ya vikao vya bodi. Asubuhi ya kikao nawasha kompyuta, naona skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Sijawahi kuusikia huo ufunguo maishani. Napiga simu dawati la msaada, naambiwa "fungua tiketi", yaani nitume ombi la msaada kwenye mfumo wao. Tiketi naifungulia wapi na kompyuta ndiyo hiyo imefungwa?

Nikaazima simu ya mwenzangu, nikatuma. Ikaja kugundulika kwamba ufunguo ulihifadhiwa kwenye akaunti ya bosi aliyestaafu, kwa sababu kompyuta ilisajiliwa kwa jina lake. Fundi mmoja kijana, Mungu ambariki, akaupata na kunisomea kwa simu, tarakimu sita sita, makundi manane. Kundi la tano likakataa. Tukarudia. Wajumbe wameshakaa, mwenyekiti anagonga meza kwa kalamu.

Tangu siku hiyo naiprinti ajenda jana yake.

Fundi_Dawati
Dada pole. Nafanya kazi upande huo wa pili wa simu, kwa hiyo nieleze. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha mafaili, kuna chipu ndani ya kompyuta inayokagua kila mara kama mashine imebaki ileile. Apdeti ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, ikipita bila ulinzi ule kusimamishwa kwa muda, chipu inaona mashine imebadilika na inadai ufunguo. Haijaharibika, inalinda mafaili yako. Aliyetuma apdeti ndiye alitakiwa kusimamisha kwanza.

Ila na nyie mseme ukweli. Ujumbe wa "washa upya" unakuja, mnabonyeza "baadaye" wiki nzima, mwezi mzima. Halafu siku mfumo unapolazimisha, lawama zinatujia sisi.

Mhadhiri_Takwimu
Fundi, hiyo "baadaye" ninaibonyeza nikiwa mbele ya darasa. Ulitaka niwaambie wanafunzi wasubiri?

Dokta_Isimu
Na mbona ujumbe huo hauji likizo? Unakuja wiki ya usahihishaji tu.

Fundi_Dawati
Unakuja kila mwezi, Dokta. Microsoft inatoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, likizo iwepo isiwepo. Likizo kompyuta zenu zimezimwa, kwa hiyo mkirudi yote yanaingia kwa mpigo.

Na haya mambo si ya kuchezea. Kile kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu kilimopitia, kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Miezi miwili! Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilifungiwa mifumo Desemba 2019, wakalipa bitcoin 30. Mlango ulikuwa barua pepe ya ulaghai iliyofunguliwa Oktoba, na wavamizi walipata mamlaka yote kupitia mashine iliyokosa masasisho. Nikiwasumbua, ndiyo hiyo ninayoikimbia.

Mhasibu_Kampasi
Fundi, na Julai 19, 2024 je? Siku ile waliokumbwa ndio waliokuwa wamepokea apdeti. Kompyuta milioni 8.5 dunia nzima zikabaki na skrini ya bluu kwa faili moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Waliochelewa walikuwa wanakunywa chai.

Fundi_Dawati
Ile ilikuwa programu ya ulinzi, sio Windows yenyewe. Na watu kama mimi ndio waliozunguka ofisi moja baada ya nyingine kufuta faili hilo kwa mkono, kwa sababu mashine iliyokwama kwenye kuwaka huwezi kuirekebisha ukiwa mbali. Usiilinganishe na kiraka cha usalama.

Mhasibu_Kampasi
Kwa mtumiaji ni kitu kilekile. Jana ilifanya kazi, leo haifanyi.

Mtaalamu_Maabara
Mkimaliza kubishana nisikilizeni na mimi, kwa sababu mnazungumzia kompyuta za ofisini tu.

Maabara yetu ina mashine ya kuchanganua kemikali kwenye sampuli. Inaendeshwa na kompyuta ya pembeni, na programu yake ni ya zamani. Mwanafunzi wa uzamili alileta sampuli alizokusanya kwa msimu mzima, zilizohifadhiwa kwenye jokofu la baridi kali. Ukishaziyeyusha huna tena nafasi ya pili, zinaanza kubadilika. Tukapanga foleni ya chupa ndogo kwenye trei, kila moja ina lebo aliyoiandika kwa mkono wake, tukaanzisha, tukahakikisha chupa za kwanza zimetoa michoro mizuri. Kazi ya usiku kucha. Tukafunga mlango.

Saa nane na kitu usiku kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Apdeti. Programu ya mashine haikuamka nayo. Sindano ikabaki imesimama juu ya chupa, pampu imesimama, na chupa zote zilizobaki zikakaa kwenye trei hadi asubuhi.

Nilifika kabla yake. Niliona ukurasa wa kuingilia, ule wenye picha nzuri ya milima, nikajua. Nikajaribu kuifufua ile programu kabla hajafika, ikasema haiioni mashine, kumbe apdeti imebadilisha draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha mashine na kompyuta. Binti akaingia, ananisalimia kwa furaha, anauliza "tumefika chupa ya ngapi?" Jamani. Hakupiga kelele. Alivaa glavu, akaanza kuzitoa zile chupa moja moja akizipanga kwa mpangilio uleule, kana kwamba bado zina kazi.

Niliandika ripoti. Jibu nililopewa: "mashine zote zinasasishwa kwa sera moja". Ya karani anayechapa barua na inayoendesha chombo cha utafiti, sera moja!

Katibu_Muhtasi
Mungu wangu. Huyo binti alimaliza?

Mkutubi_Zamu
Nimesoma mara mbili. Alimaliza masomo?

Dokta_Isimu
Tujibu kwanza kuhusu huyo mwanafunzi.

Mhasibu_Kampasi
Hao TEHAMA wangekuwa kwetu wangelipishwa fidia. Andikeni barua kwa makamu mkuu.

Fundi_Dawati
Mtaalamu, hapa sina utetezi, na sitautafuta. Iliyowaumiza inajulikana. Windows ina kipengele cha saa za kazi, na ikiachwa kama ilivyotoka inahesabu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nje ya hapo inajiona huru kujiwasha upya. Kwa maabara, usiku ndiyo saa za kazi. Unaweza kuzirefusha hadi jumla ya saa 18 kwa siku, lakini si 24, kwa hiyo hiyo peke yake haitoshi.

Wenye mashine za maabara, dai vitu viwili kwa maandishi. Kompyuta iwe kwenye kundi lake, masasisho yaingie kwa tarehe mnayokubaliana. Na iwe kwenye mtandao wake wa ndani usiotoka nje. Kuna pia toleo la Windows la LTSC, lililotengenezwa kwa vifaa vya aina hiyo: linapata viraka vya usalama, halipati mageuzi ya mara kwa mara.

Mtaalamu_Maabara
Asante fundi. Sisi tuliishia kuchomoa waya wa mtandao.

Mnaouliza: alimaliza, amechelewa. Ilibidi asubiri msimu mwingine kukusanya upya. Ada ya muda huo wa ziada alilipa mwenyewe.

Mhadhiri_Takwimu
Alilipa mwenyewe?! Hili sasa si la kompyuta tena.

Mtunza_Data
Hata vyuo vikubwa yamewakuta. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili kama milioni 34, vikundi 14 vya watafiti. Na mfutaji ni programu ya bekapu yenyewe! Kampuni iliyouza mfumo iliweka toleo jipya la skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, wakati la zamani bado linakimbia, amri zikachanganyika, ikafuta mafaili hai. Mafaili ya vikundi vinne hayakuweza kurejeshwa kutoka kwenye bekapu.

Kwa hiyo nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali na chuo. Wala msiamini neno "seva" peke yake.

Mhasibu_Kampasi
Mimi fleshi. Mfukoni.

Mtunza_Data
Fleshi inapotea na suruali inafuliwa, mkuu. Usitegemee fleshi.

Dokta_Isimu
Mimi najitumia kwa barua pepe kila jioni. Tasnifu nzima iko kwenye kikasha changu.

Fundi_Dawati
Halafu kikasha kinajaa na mnatufungulia tiketi.

Karani_Masijala
Naomba kuchomekea la paswedi. Kwetu tunalazimishwa kuibadilisha kila baada ya miezi mitatu, isifanane na za nyuma. Matokeo yake ofisi nzima paswedi zimebandikwa chini ya kibodi. Ni usalama gani huo?

Mtunza_Data
Uko sahihi kabisa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishaandika mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha paswedi kila muda fulani, ila pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Iwe ndefu, na uthibitisho wa pili kwenye simu.

Fundi_Dawati
Waambie wakaguzi. Kila ukaguzi wanatuuliza "mnabadilisha kila baada ya siku ngapi?"

Karani_Masijala
Na huo uthibitisho wa simu, simu ni yangu, bando langu. Chuo kinipe simu.

Fundi_Dawati
Ile programu ya simu inayokupa namba sita za kuingilia haihitaji bando, dada. Inahesabu kwa saa ya simu yenyewe.

Dokta_Isimu
Kuna jingine. Kompyuta yangu nzima kabisa, lakini nimeambiwa haifai Windows 11 kwa sababu ya chipu, na Windows 10 imeachwa tangu Oktoba 14, 2025. Idara haina bajeti. Nifanye nini?

Mtunza_Data
Weka Linux, itakimbia vizuri kuliko ilivyokuwa mpya.

Katibu_Muhtasi
Asiweke! Fomu zetu za idara zikifunguliwa huko majedwali yanavurugika, halafu mimi ndiye ninayezichapa upya.

Fundi_Dawati
Usikubali pia zile njia za kulazimisha Windows 11 zinazozunguka mitandaoni. Kwenye kompyuta ya ofisi hapana. Ombeni kwa maandishi, mkitaja tarehe hiyo.

Mhadhiri_Mgeni
Samahanini, nimeingia sasa hivi. Kompyuta yangu inasema inasasisha, imesimama asilimia 30 tangu nimemaliza kipindi, na saa moja ijayo nina utetezi wa mwanafunzi, mtahini wa nje yuko mtandaoni. Niizime?

Mhasibu_Kampasi
Bonyeza kitufe kwa nguvu, zima, washa.

Katibu_Muhtasi
Usizime!

Fundi_Dawati
Usizime. Chomeka chaja, angalia ile taa ndogo ya diski. Ikiwa inamweka, inafanya kazi, iache. Kwa utetezi azima laptopu ya mwenzako sasa hivi, usisubiri, na slaidi mwombe mwanafunzi mwenyewe akutumie upya. Ikitoa kosa lolote piga picha skrini, niandikie hapa.