Mba wa paka: gumzo la majirani wa Kibokoni

Mwanaidi: Asalaam aleikum majirani. Paka wangu wa manjano, mgongo umemjaa vigaga vyeupe kama unga wa ngano, zaidi karibu na mkia. Nimeambiwa nimpake mafuta ya nazi. Ni sawa?

Khalti Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Usimpake. Atayaramba yote, aharishe, na vumbi lishike kwenye manyoya. Na mba wenyewe si ugonjwa, ni dalili, lazima ujue umetoka wapi. Ana miaka mingapi? Mnene?

Mwanaidi: Tisa. Mnene, na siku hizi kupanda kitandani kwamshinda.

Khalti Zuhura: Hapo penye mkia ndipo pa kuangalia. Paka mzima hujiramba mwili mzima. Akinenepa au viungo vikimuuma, ulimi haufiki kiunoni, basi ngozi iliyokufa yabaki pale pale na manyoya yanashikana. Mchane kila siku dakika 5 hivi, ukifuata manyoya yanakolalia, bila kukwaruza. Viungo aviangalie daktari. Panadol usimpe abadan! Ini la paka haliwezi kuivunja, hata nusu kidonge chaweza kumuua.

Omari wa dawa za mifugo: Khalti amesema kweli, lakini kwanza tujue kama kuna wadudu. Mwanaidi, tandaza karatasi nyeusi, mchane juu yake kwa chanuo la meno ya karibu karibu, kisha itazame penye mwanga dakika mbili tatu. Mba hausogei. Chembe nyeupe zikitembea, huo ni utitiri. Ukiona punje nyeusi kama pilipili manga ya kusaga, ziweke kwenye pamba yenye maji.

Mwanaidi: Nyeupe hazitembei. Nyeusi zipo, na pamba imefanya rangi ya kutu.

Omari wa dawa za mifugo: Hicho ni kinyesi cha viroboto, damu waliyomnyonya. Kuna dawa ya kudondosha shingoni, selamectin. Paka wa kilo 2.6 hadi 7.5 hupewa kichupa cha miligramu 45. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo mpaka uione ngozi, umimine hapo. Ikibaki juu ya manyoya umeitupa. Rudia kila mwezi, miezi 3, na paka wote wa nyumba wapewe siku moja.

Salma: Kaka, mbona miezi mitatu? Nyumbani kwetu tulitia mara moja, wiki ya pili viroboto wakarudi.

Omari wa dawa za mifugo: Hawakurudi dada, walikuwa humo humo. Kiroboto hutaga mayai kwa paka, mayai yanaanguka kwenye mkeka na nyufa za sakafu. Buu hujifunga kwenye kifuko, na ndani ya kifuko dawa haimfikii. Akitoka ndipo anamrukia paka na kufa. Kwa hivyo fagieni chini ya vitanda kila siku na mfue matandiko ya paka kwa maji ya moto kila wiki.

Na hili nawaomba sana: dawa ya mbwa yenye permethrin paka haivumilii. Hutetemeka, hushikwa na degedege, wengi hufa. Dipu ya ng'ombe pia msimtie.

Khalti Zuhura: Yuwala nini huyo paka?

Mwanaidi: Vichwa vya jodari kutoka sokoni, na wali wa mchuzi.

Maalim Said: Chakula hicho nacho chachangia. Paka ni mla nyama. Ngozi yake yataka mafuta mawili ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha, linoleiki na arakidoniki, na la pili lapatikana kwa nyama. Wali hauna, nazi karibu haina. Jodari kila siku humaliza vitamini E, mafuta ya chini ya ngozi yakavimba, ukimgusa analia. Mpe kuku wa kuchemsha asiye na mifupa wala chumvi wala kitunguu, na kingozi kidogo tu kwa kuwa ni mnene. Lakini kuku peke yake hatoshi, changanya na chakula kamili cha paka. Badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10. Ngozi huchukua wiki 6 mpaka 8 kuonyesha tofauti, usikate tamaa wiki ya pili.

Khalti Zuhura: Na usimnyime chakula ati apungue. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lajaa mafuta.

Salma: Wangu mweupe ana magamba kwenye ncha za masikio tu. Nayo ni mba?

Khalti Zuhura: La mwanangu, hilo ni jua. Masikio meupe huungua, na kidonda kisichopona chaweza kuwa saratani. Mfungie ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, na wiki hii hii aonwe na daktari.

Omari wa dawa za mifugo: Na yeyote akiona kipara cha duara chenye magamba, au watoto wakitokwa na mviringo mwekundu mkononi, hiyo ni choa, yaambukiza watu. Paka atengwe chumba kimoja, daktari apime manyoya.

Mwanaidi: Nimwogeshe kwanza?

Khalti Zuhura: Usimwogeshe. Sabuni ya watu yakausha ngozi yake, na maji yetu ya kisima yana chumvi. Muongezee maji ya kunywa. Wa kilo 4 yuwahitaji kama mililita 200 kwa siku, pamoja na yaliyomo chakulani. Akianza kunywa mno huku anakonda, akapimwe damu, yaweza kuwa ugonjwa wa sukari au wa tezi ya shingoni.

Omari wa dawa za mifugo: Kabla hujaja dukani mpime uzito. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Mwanaidi: Nimepima. Kilo 6.8.

Omari wa dawa za mifugo: Basi kichupa ni hicho hicho cha 45. Njoo baada ya Alasiri.