Naomba ushauri kuhusu betri ya APU ya 787, boksi la chuma linazuia moto au linaufungia tu?

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa ndege mliopo humu. Nasomea ufundi wa ndege na nimepewa kazi ya kueleza marekebisho ya lazima ya betri ya APU (injini ndogo ya mkiani ya kuzalisha umeme) ya ndege ya Boeing 787, ile iliyowaka Boston Januari 7, 2013 kwenye ndege ya Japan Airlines ikiwa imepaki na abiria washashuka. Betri ina selo 8 (vijibetri vidogo vilivyounganishwa ndani yake), moja ikapiga shoti kwa ndani, joto likahamia kwa zingine. FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) wakazisimamisha ndege hizo, zikaja kuruka tena baada ya kufungiwa boksi la chuma, bomba la kutolea moshi nje ya ndege na chaja mpya. Mpaka hapo sawa.

Sasa Januari 2014 pale uwanja wa Narita, Japan, selo moja ya betri kuu ikatoa moshi tena, ila boksi likaudhibiti. Nimesoma amri ya FAA na ripoti ya NTSB (bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali), bado nasita, na hili ni suala la roho za watu sitaki kuandika kitu nusunusu.

Je, niandike marekebisho yanazuia moto kuanza, au yanazuia usisambae? Na mnaoshika 787, betri ikileta hitilafu mnafungua boksi palepale au inatolewa nzima ipelekwe karakana?