Kijana wa sekondari anabeti kwa laini ya mzazi, naanzia wapi?

MamaKidato
Habari za jioni wakuu. Kijana ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Chenji za dukani hazirudi kamili, simu ya nyumbani inaombwa "kuangalia somo" kila Jumamosi jioni, na habari za mkeka (tiketi moja ya kubashiri mechi kadhaa) na kindege (mchezo wa kubeti kwenye simu) haziishi mdomoni. Sheria inataka miaka 18, sasa anaingiaje? Na nikishajua, nimnyang'anye simu tu au? Naomba hatua, mahubiri nimeshasikia.

Wakala_Kona
Anaingia kwa laini yako, mama. Akaunti ya kubeti hufunguliwa kwa namba ya simu, na laini imesajiliwa kwa NIDA yako, kwa hiyo kampuni inamwona mtu mzima.

Meseji za muamala anazifuta, lakini taarifa ya muamala haifutiki kwa kufuta meseji. Ingia menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#) au nenda duka lao uombe taarifa ya miezi mitatu. Usihangaike na kiasi kikubwa. Tafuta 500, 1,000, 500 zinazofuatana ndani ya nusu saa kwenda namba ileile ya kampuni, hasa usiku. Kisha tazama zilizoingia: ushindi hurudi kwenye laini iliyofungua akaunti, kwa hiyo utakuta 8,000 imeingia na dakika chache baadaye imehamia namba ya rafiki yake.

Badilisha PIN siku hiyohiyo, na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto usiwe PIN. Kagua alama za vidole kwenye mipangilio ya simu: watu hubadilisha PIN wakasahau kwamba kidole cha kijana bado kinafungua programu ya pesa. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Mwisho wapigie huduma kwa wateja wa kampuni husika, waambie akaunti inatumiwa na mtoto, waifunge.

ChumaUlete99
Fimbo tatu na simu kabatini. Atanyooka.

Mnasihi_Shule
Mkuu, atajifunza kuficha tu. Akikosa laini ya mama atampa hela kijana wa mtaani mwenye NIDA amwekee mkeka wagawane, au atahamia kwenye dubwi la sarafu (mashine ya kamari ya mtaani), ambalo halina hata taarifa ya kukagua.

Mama, kinachosukuma wizi mara nyingi ni deni. Kabla ya adhabu yoyote muulize anadaiwa na nani, kiasi gani kila mmoja, aandike. Orodha ya kwanza huwa pungufu, irudie baada ya siku mbili. Deni mlipe mdai mwenyewe, mkononi, kijana akiwepo. Ukimpa yeye hela akalipe, atauona huo ni mtaji wa kurudisha alichopoteza. Kisha mkate kidogo kidogo kwenye hela ya matumizi, bila kugusa nauli. Hela hiyo mpe kwa siku, siyo kwa wiki. Ada peleka benki wewe.

Usiongee naye usiku ambao mkeka umechanika, yaani amepoteza. Hasikii.

HesabuKichwani
Mpe kalamu apige mwenyewe. Mkeka wa mechi 10, kila moja odds 1.50 (ukishinda, 1,000 inakuwa 1,500), unalipa karibu mara 58 ya dau. Tuseme kila timu ina nafasi ya 62% kushinda. Zote kumi kushinda pamoja ni 0.8%, yaani mara moja katika mikeka 119 hivi. Kwa wastani kila 1,000 inarudisha 484. Wanapenda mikeka mirefu kwa sababu huchanika kwa mechi moja, na "nimekosa moja tu" humrudisha kesho kuliko kupoteza zote.

Kindege (Aviator) kinatangaza kurudisha 97%. Kijana anasikia karibu yote inarudi, ila hiyo ni kwa kila raundi, na raundi nyingi haziishi dakika. Raundi 100 za 500 amezungusha 50,000, wastani amekatwa 1,500, na kwa kawaida haachi mpaka salio liishe.

Halafu magrupu ya Telegram ya "odds za uhakika". Muuzaji ana watu 800: anawatumia 400 ushindi wa nyumbani, 400 wa ugenini. Waliopata anawagawa tena, 200, kisha 100. Hao 100 wameona utabiri sahihi mara tatu mfululizo, sasa wanalipia wa nne.

MamaKidato
Asanteni sana. Na akirudia?

Mnasihi_Shule
Wengi hurudia, hasa ligi zikianza. Kagua taarifa kila Jumapili jioni mkiwa wote wawili, usimvizie. Akiiba tena baada ya deni kulipwa, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akianza kuongea habari za kufa au kujidhuru, usisubiri Jumapili wala ofisi kufunguliwa: usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huohuo. Namba 116 ya watoto ni bure, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.