Nani ana orodha ya leo?

Rehema: Niko dukani tayari. Semeni mnachotaka, simu ina chaji asilimia 9.

Mama: Nyama ya ng'ombe kilo 2, maziwa, nyanya, mboga za majani.

Idi: Mama, kilo 2 tena? Si tulikubaliana tupunguze kwa ajili ya tabianchi?

Mama: Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia.

Shangazi Zuhura: 😂😂

Rehema: Nimekuja na kikapu changu, na nyanya nimechagua za karibu. Zile zilizosafiri nimeziacha. Idi umeridhika?

Idi: Vizuri dada, ila hapo umeokoa kidogo sana. Kwenye nyama ya ng'ombe, usafiri haufiki hata asilimia 1 ya gesijoto yake, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Watafiti Poore na Nemecek walichapisha takwimu za mashamba karibu 38,700 kutoka nchi 119, mwaka 2018. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe inabeba makumi ya kilo za gesijoto. Njegere ni kama kilo 1 tu.

Idi: Na hizo nyanya za karibu, kama zimekuzwa kwenye kitalu nyumba kinachopashwa moto, zinaweza kuwa mbaya kuliko za mbali zilizoiva juani. Cha kuogopa ni kile kinachokuja kwa ndege. Cha meli hakina shida sana.

Rehema: Basi nizirudishe??

Idi: Hapana jamani, chukua tu.

Shangazi Zuhura: Idi mwanangu, ng'ombe anakula majani. Gesi anaitoa wapi?

Idi: Kwenye kucheua, shangazi. Vijidudu vya tumboni vinavunja nyasi, methani inatoka kwa mbweu. Wengi wanadhani inatokea nyuma 😅 Kwa hesabu ya miaka 100, methani inashika joto kama mara 27 kuliko kaboni dioksidi.

Baba: Na jibini?

Idi: Ng'ombe yuleyule, baba. Kilo moja inakula kama lita 10 za maziwa. Kuku na mayai wako chini sana.

Baba: Kuku sikuuliza.

Rehema: Mchele?

Idi: Nao una methani yake, mashamba yakifurikishwa maji. Lakini haumfikii ng'ombe.

Mama: 📷

Mama: Profesa, hii ni nini?

Idi: Mboga za majani.

Mama: ZILIKUWA mboga za majani. Ulizinunua wewe wiki iliyopita, ukasema tuanze kula kijani. Zimekuwa njano, na chini zimeshaanza kutoa maji.

Shangazi Zuhura: Uwiii 😂

Rehema: Idi, na hizi zina takwimu?

Idi: Zipo... UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani.

Mama: Majumbani kwa kina nani?

Idi: 🙈

Mama: Na zikioza jalalani?

Idi: Zinatoa methani, mama.

Mama: Ahaa. Rehema, mboga usinunue. Hizi za juu bado nzima, Idi atazichambua sasa hivi nipike leo. Nyama lete nusu kilo, maharage kilo 2.

Shangazi Zuhura: Mama kakubali kumbe!

Mama: Sijakubali, friji imejaa.

Rehema: Sawa. Chaji 2, naelekea kulipa.

Baba: Jibini kidogo tu

Baba: Rehema?

Baba: Rehema?